Makao ya wazee yatangaze ada kamili na idadi ya wahudumu wa usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo familia nyingi nchini zinalikabili kimyakimya, nalo ni namna ya kupima kama makao ya kutunzia wazee yanastahili pesa yanayotoza. Kila mara mada hii inapozuka, mjadala huelekea kwenye mila na aibu ya kumtoa mzazi nyumbani, na sikusudii kuurudia mjadala huo hapa. Wapo wazee ambao hali zao zimezidi uwezo wa nyumba ya kawaida, hasa baada ya kiharusi au kumbukumbu inapopotea, na watoto wao wakishaamua kutafuta makao hubaki na swali ambalo hakuna ofisi inayowasaidia kulijibu: pesa hizi zinanunua nini hasa?

Mama yetu alipatwa na kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia akiwa anaishi kwa mdogo wangu Nairobi. Tulianza kwa kumtunza pale pale nyumbani, na hesabu ya kufanya hivyo naitaja kwa sababu ndiyo kipimo cha kwanza ambacho kila familia inafaa kukiweka mezani kabla ya kushtushwa na ada za makao. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji mtu karibu naye mchana na usiku. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo, wawili watachoka, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, kwa hiyo unahitaji watu watatu wanaopokezana. Kwa kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kilichoanza kutumika Novemba 2024, yaani shilingi 16,113.75, watatu hao ni zaidi ya shilingi 48,000 kwa mwezi kabla ya chakula chao, michango ya NSSF na tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu, na sijamwona mhudumu aliyefunzwa kumwinua mgonjwa wa kiharusi ambaye atakubali kulipwa kima cha chini. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba makao yanayotoza shilingi 70,000 kwa mwezi yanawaibia watu. Yale yanayotoza 25,000 kwa mgonjwa wa aina hiyo hiyo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa pesa hizo hazitoshi kumlipa mhudumu na kununua chakula na nepi, na kama hakuna mfadhili anayejaza pengo, basi kuna kitu mzee hapewi.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa kwamba bei tuliyoambiwa mlangoni haikuwa bei tuliyolipa. Makao ya kwanza tuliyomweka mama yalitutajia shilingi 70,000, na karatasi ya matangazo ilisema kwamba ada hiyo inajumuisha malazi, chakula na uuguzi. Bili ya mwisho wa mwezi ilipokuja, chini ya ile 70,000 kulikuwa na shilingi 14,400 za nepi za watu wazima, 3,000 za glavu na karatasi za kufutia, 2,500 za kufua nguo na 3,500 za daktari aliyepita kumwona, jumla shilingi 93,400. Nepi zilihesabiwa nne kwa siku, shilingi 120 kila moja, ilhali pakiti ya nepi kumi za aina ile ile ilikuwa inauzwa shilingi 950 katika duka kuu la jirani. Nilipouliza kama tungeweza kuleta nepi wenyewe, nikaambiwa utaratibu hauruhusu. Hakuna hata moja kati ya gharama hizo iliyokuwa ya ajabu, maana mgonjwa wa kiharusi hutumia nepi na glavu; kilichotuumiza ni kwamba zote zilijulikana tangu siku ya kwanza na hakuna aliyeona haja ya kutuandikia.

Hakuna mzazi Kenya hii anayempeleka mtoto shule ya bweni kabla ya kuonyeshwa muundo wa karo, ambamo kila kitu kimeandikwa hadi pesa za mkufunzi wa michezo, na anayekwenda kumweka mama yake mahali atakapoishi hadi siku zake za mwisho anastahili angalau karatasi ya aina hiyo. Karatasi hiyo ionyeshe ada ya msingi, bei ya kila kinacholipiwa kando, pesa za kuingia na kama zinarudishwa, ni mara ngapi ada hupandishwa na kwa taarifa ya muda gani. Ionyeshe pia kinachotokea mzee anapolazwa hospitalini wiki mbili, kwa sababu yapo makao yanayoendelea kutoza ada nzima huku kitanda kikiwa kitupu na chakula hakiliwi. Na ieleze bila kuona haya kinachofanyika mzee anapofariki tarehe tano ilhali mwezi wote umeshalipiwa. Familia iliyo katika msiba haina nguvu ya kudai, na wenye makao wanalijua hilo.

Hata hivyo, bei ndiyo sehemu nyepesi ya upimaji huu. Ubora ni mgumu zaidi, kwa sababu mgeni anayetembezwa huonyeshwa bustani, televisheni kubwa ya sebuleni, mashuka meupe na picha za wazee wakikata keki. Vitu hivyo havina ubaya, lakini mzee hapati vidonda kwa kukosa bustani. Baada ya kuzunguka na kuuliza wauguzi waliostaafu, nimeamini kwamba swali lenye uzito kuliko yote ni hili: usiku wa manane, wako wahudumu wangapi walio macho, na wanahudumia wazee wangapi?

Naomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo. Makao fulani yenye wazee thelathini yalitujibu kwa fahari kwamba yana wahudumu sita, na masikioni mwa mtu aliyechoka jibu hilo linamaanisha mhudumu mmoja kwa wazee watano. Sivyo. Wiki ina zamu kumi na nne za saa kumi na mbili. Wahudumu sita wakifanya zamu sita kila mmoja, ambazo ni saa 72 za kazi kwa wiki na ni nyingi mno kwa kazi ya kuinua watu, wanatoa zamu 36, nazo ukizigawanya kwa 14 unapata wahudumu wawili na nusu kwa kila zamu. Kwa kuwa mchana ndipo kuna kuogesha na kulisha, usiku hubaki wawili, na mmoja wao akiugua au akipewa ruhusa ya kwenda mazishi, hubaki mmoja. Sasa tuseme nusu ya wazee hao hawawezi kujigeuza. Kwenye godoro la kawaida mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili damu ipite vizuri pale mifupa inapokandamiza ngozi, yaani visiginoni, nyongani na juu kidogo ya makalio. Kumgeuza mmoja, kumfuta na kumbadilisha nepi kukichukua wahudumu wawili dakika kumi, wazee kumi na watano ni dakika 150, na saa mbili zina dakika 120. Kazi hiyo haiwezekani hata kama wahudumu hao wana huruma kiasi gani na hata kama hawaketi usiku kucha. Kitakachotokea ni kwamba wengine hawatageuzwa, na vidonda vya kulalia vitaanza.

Kwa mama vilianzia kisigino cha kulia. Katika makao yale ya kwanza kulikuwa na karatasi iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda, yenye safu za saa na mahali pa mhudumu kutia sahihi kila anapomgeuza mgonjwa, na mwanzoni karatasi hiyo ilinipa amani. Siku moja niliingia saa kumi jioni bila kutoa taarifa, nikakuta imeshatiwa sahihi hadi saa nne usiku, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Nilimfunua mama miguu nikaona ngozi ya kisigino imekuwa nyekundu iliyokolea, na nilipoibonyeza kwa kidole haikubadilika rangi. Muuguzi wa hospitali tuliyompeleka alitueleza kwamba wekundu usiopotea kwa kubonyezwa ndiyo dalili ya mwanzo kabisa ya kidonda, na kwamba ukipuuzwa unaweza kufika kwenye mfupa. Sitayataja makao hayo kwa jina, kwa sababu lengo langu si kugombana nayo, na pia kwa sababu simlaumu sana yule binti aliyetia sahihi zile. Alikuwa peke yake kwenye jengo la juu, na aliyempanga hivyo ndiye aliyejua kwamba kazi ile haifanyiki na mtu mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wanaoniuliza wasikubali kutembezwa saa nne asubuhi, wakati sakafu imeshapigwa deki. Waende wakati wa chakula cha jioni. Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi humeza kwa shida, na chakula kikipita njia isiyo yake huingia mapafuni na kuleta nimonia, kwa hiyo namna ya kulisha hueleza mengi kuliko brosha. Watazame kama mzee ameketishwa wima au ameegemezwa nusu kulala, kama mhudumu ameketi naye ana kwa ana au amesimama juu yake na kijiko huku akitazama simu, kama anasubiri ameze kabla ya kumpa kijiko kingine, na kama uji umefanywa mzito kwa anayehitaji uzito. Waombe kuona daftari la uzito, kwa kuwa makao yanayojali huwapima wazee kila mwezi, na mzee anayepungua kilo miezi mitatu mfululizo ama ni mgonjwa ama hali vya kutosha. Waulize muuguzi wa zamu ni nani na kama leseni yake ya Baraza la Wauguzi Kenya iko hai, kabati la dawa linafungwa na ufunguo uko kwa nani, na ni nani anayewaandika wanaoanguka. Makao yanayosema hakuna mzee aliyewahi kuanguka kwao hayaniridhishi. Wazee huanguka, na panapoandikwa ndipo panapotafutwa sababu.

Lipo na jambo la lugha, ambalo nimeona likisahauliwa hata mahali pazuri. Mzee anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hupoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani, akabaki na ile ya utotoni. Mama alifundisha shule ya msingi kwa Kiswahili na Kiingereza maisha yake yote, lakini maumivu yake sasa huyasema kwa Kikamba. Katika makao ya kwanza hakukuwa na mtu wa zamu aliyekielewa, na katika rekodi zake iliandikwa kwamba ana usumbufu usiku. Alikuwa akisema mguu unamuuma. Makao alipo sasa yana wahudumu wawili Wakamba, na hilo peke yake lilitufanya tuyachague ingawa jengo ni la zamani na ada iko juu kidogo.

Nisieleweke kwamba ubora hununuliwa kwa pesa nyingi tu. Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani, inayoendeshwa na watawa wa shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839, hupokea wazee maskini na hutegemea sadaka, lakini nguvu yake ni watawa waliokula kiapo cha kuishi na wazee hao usiku na mchana. Kazi ya namna hiyo ina thamani kubwa, ila nchi haiwezi kuutegemea wito wa watawa kama mpango wake wa kutunza wazee. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wengi wao watatunzwa ama nyumbani na jamaa waliochoka ama katika makao ambayo hakuna anayejua yanafanya nini baada ya lango kufungwa.

Kwa upande wa malipo, msaada uliopo ni mdogo. Ruzuku ya serikali iitwayo Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya makao yale ya kwanza zinatosha nepi za siku nne. Bima ya afya chini ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, imeelekezwa kwenye matibabu. Haimlipi mtu wa kumwogesha na kumlisha mama yako kila siku. Kwa hiyo mzigo mzima uko kwenye mfuko wa familia, na familia inayolipa kila kitu kutoka mfukoni mwake ndiyo inayonyimwa habari za kuiwezesha kuchagua. Leseni ya biashara ya kaunti iliyobandikwa ukutani huthibitisha kwamba ada imelipwa na jengo linatambuliwa. Haithibitishi kwamba kuna mtu aliye macho saa nane za usiku.

Sheria ya kusimamia madai yangu ipo. Kifungu cha 57 cha Katiba kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima na hadhi bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali yenyewe. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, ina kifungu kizima kuhusu makao ya wazee, kinachotaka nchi ziwe na sheria zitakazofanya makao hayo yawe ya hiari na ya bei inayomudika, na yatimize viwango vya chini vya kitaifa. Kiwango kisichojulikana na mlipaji hakimsaidii mlipaji. England, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi ya kutunza wazee, tume ya ukaguzi iitwayo CQC huchapisha ripoti ya kila makao na kuyapa moja ya madaraja manne, na tangu Aprili 2015 makao hulazimika kulibandika daraja hilo mahali ambapo wageni wanaliona. Marekani imekuwa ikizipa nyumba za uuguzi nyota moja hadi tano tangu mwaka 2008. Miaka ya mwanzo nyumba hizo zilijitajia zenyewe idadi ya wahudumu wao, na baadaye serikali ikaamua idadi hiyo itokane na orodha za malipo ya mishahara. Tukianza, tuanzie hapo pa mishahara, kwa sababu karatasi ya ukutani hujazwa na yeyote mwenye kalamu, kama nilivyoona miguuni pa kitanda cha mama.

Naiomba basi Idara ya Serikali ya Ulinzi wa Jamii na Masuala ya Wazee, pamoja na serikali za kaunti, zisisubiri mfumo mkubwa wa kukagua kila kitu, ambao utahitaji bajeti na miaka ya mijadala. Zianze kwa kuyataka makao yote yanayotoza ada yatangaze mambo matatu kwa maandishi na kuyabandika langoni: ada pamoja na bei ya kila cha ziada, idadi ya wahudumu na wauguzi katika kila zamu pamoja na idadi ya wazee waliopo, ikilinganishwa na orodha ya mishahara angalau mara mbili kwa mwaka, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa afisa wa afya ya umma na alichokikuta. Afisa huyo tayari hukagua jiko na kudai vyeti vya afya vya wanaopika. Kumwongezea jukumu la kupita mara moja usiku na kuhesabu walio kazini si gharama kubwa.

Najua wenye makao watasema kwamba ada zitapanda, kwa kuwa wahudumu wa kutosha usiku hawapatikani bure. Ni kweli zitapanda mahali pengine, na hapo ndipo mjadala wa nani alipe utakapokuwa wa haki, maana tutakuwa tunajadili gharama halisi ya kumtunza mzee badala ya bei iliyopunguzwa kwa kumwacha alale upande mmoja hadi asubuhi. Msimamizi wa makao alipo mama kwa sasa ameniruhusu niseme kwamba yeye yuko tayari kubandika idadi yake ya usiku hata kesho, ambayo ni wahudumu wanne na muuguzi mmoja kwa wazee ishirini na wawili, lakini anaogopa kwamba akifanya hivyo peke yake, watu watatazama ada yake tu na kwenda kwa jirani asiyebandika chochote. Namwomba Waziri ahakikishe kwamba jirani huyo naye anabandika.

Wako mwaminifu,
Binti wa mwalimu mstaafu,
Nakuru